Sauti Isiyo na Salamu

Inspekta Fransiska Sikazwe aliisikiliza ile sauti mara nyingine, akaizima, akanywa chai. Ilikuwa imepoa. Tangu alipomzika mama yake kule Kasense, chai ya moto na chai ya baridi zilikuwa kitu kimoja kwake, naye hakuona sababu ya kulalamika. Alifanya ishara ya msalaba, kama alivyozoea kila anapofungua jalada, kisha akabonyeza tena simu iliyolala juu ya meza.

"Mimba yangu ni kubwa," ilisema sauti ya mwanamke. "Kichwa kinaniuma sana. Macho yanaona ukungu. Miguu imevimba, viatu haviingii. Nifanyeje, nesi?"

Basi, sauti iliishia hapo.

Mwenye sauti aliitwa Kabula, mkulima wa mpunga wa bonde la Mtowisa. Maneno hayo aliyasema Jumanne ya wiki iliyopita. Jumatano alfajiri alikata roho ndani ya mkokoteni wa ng'ombe, majirani wakiwa bado wanaupigania upite kwenye matope kuelekea zahanati. Mumewe alikuwa mbali na mifugo. Nyumbani alikuwa na watoto wadogo tu, na simu yake ilidondoka njiani, haikuonekana tena. Kampuni ya simu ilikwisha kuandikiwa barua, nayo ilijibu kwamba barua imepokelewa.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Aliyeingia ni Afande Dominiko, mkuu wa upelelezi wa wilaya, koti limefungwa mpaka shingoni kwa sababu ya upepo wa Sumbawanga.

"Fransiska, mwendesha mashtaka anataka jalada leo. Nesi yuko mahabusu tangu jana. Ama tunampeleka mahakamani, ama tunamwachia. Mimi naona tumpeleke."

"Kwa kosa gani, afande?"

"Uzembe uliosababisha kifo. Unataka nikusomee?" Alivuta kiti, akakaa. "Wanafunzi wa chuo wametengeneza mtambo wao wa akili mnemba. Mama mjamzito anapiga simu, anaeleza anavyojisikia, mtambo unasikiliza, unapima, ukiona hatari unamtumia nesi ujumbe. Sawa? Marehemu alipiga Jumanne asubuhi. Mtambo ukasema hatari. Ujumbe ukaenda kwa nesi Coleta asubuhi ileile. Asubuhi nzima nesi yuko zahanati, simu iko mfukoni, na hakufanya kitu. Mchana akapanda gari la wagonjwa na mgonjwa mwingine kuja huku mjini. Yote yameandikwa na mtambo."

"Kwenye simu ya nesi ujumbe haupo."

"Ameufuta. Mwenyewe anakiri anafuta ujumbe kila siku."

"Anasema simu yake ni ndogo, inajaa."

"Kila mtu simu yake inajaa siku polisi wakiitaka."

Fransiska hakucheka. Aligeuza simu upande wake.

"Afande, ukimpigia simu nesi mwenye umri wa mama yako, unaanzaje?"

"Namwambia naumwa."

"Hata shikamoo?"

Dominiko alilegeza kifungo cha koti.

"Sikiliza," Fransiska alisema, akabonyeza. *Mimba yangu ni kubwa.* "Huyu ni mtoto wa Kisukuma, amelelewa bondeni. Anaongea na mama mtu mzima. Anaanzaje na mimba?"

"Alikuwa anaumwa, Fransiska."

"Mtu aliyekuwa na pumzi ya kusema viatu haviingii, alikuwa na pumzi ya kusema shikamoo."

Mkuu wake alisimama. "Unayo mpaka jioni. Mwendesha mashtaka nitamwambia gari limekosa mafuta."

"Ni kweli limekosa, afande."

"Basi sitakuwa nimesema uongo."

* * *

Nesi Coleta alikuwa amekaa kwenye sakafu ya mahabusu, kanga imezungushwa magotini. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye nywele za mvi, na viatu vyake havikuwa na kamba. Kamba huchukuliwa mlangoni, na rozari pia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja na rozari yangu?"

"Iko stoo pamoja na kamba zako. Ni utaratibu."

"Haya. Nasali kwa vidole. Viko kumi, vinatosha."

Fransiska alichuchumaa. "Mama, siku ile Jumanne ulipokea ujumbe wowote wa wale vijana?"

"Nimeshasema. Sikupokea."

"Huenda uliufuta bila kuusoma."

"Nafuta nikishasoma, mwanangu. Nimekaa Mtowisa miaka mingi kuliko ule mti wa pale kituoni kwenu. Ujumbe wa mama mwenye kichwa na ukungu machoni siusomi nikaufuta nikaenda kula wali." Alisema bila kupandisha sauti, kama mtu anayesoma maandishi kwenye chupa ya dawa. "Mchana niliondoka na mtoto aliyeungua kwa uji. Tulipopanda milima mtandao ulikatika, ukarudi tulipofika huku, giza limeshaingia. Hakuna kilichoingia."

"Akina mama wakipiga ile namba wanasikia nini?"

"Wananisikia mimi."

"Wewe?"

"Vijana walinirekodi. Walisema akina mama wanaogopa sauti ya mashine. Basi ukipiga unanisikia nasema, 'Karibu mama, mimi ni nesi Coleta, sema shida yako.' Ndipo unasema."

"Kwa hiyo Kabula alijua anaongea na wewe."

Coleta alitazama vidole vyake. "Mimi ndiye niliyempokea mwanawe wa kwanza. Alijua anaongea na mimi."

* * *

Chuo cha Ufundi Mbizi kiko pembezoni mwa mji, mahali ambapo mashamba ya ulezi yanakaribia kuingia madarasani. Fransiska alikwenda kwa miguu. Alipofika, mlango wa chumba cha kompyuta ulikuwa wazi, na ndani vijana walikuwa wakifungasha. Kesho yake alfajiri walikuwa na basi la kwenda Dodoma, kwenye fainali ya mashindano ya vyuo ya akili mnemba kwa manufaa ya jamii.

"Acha hilo koti, Jenifer," kijana mrefu alikuwa akisema. "Dodoma kuna jua. Watadhani umetoka Ulaya."

"Nikitoka Ulaya ntakuwa nakujua wewe?"

Walipomwona afande, kicheko kilikatika. Wote wakasema shikamoo. Mwalimu wao, Urbano, bwana mdogo mwenye tai, alikuja mbio kumpa mkono.

"Afande, karibu. Tumeshatoa ushirikiano wote. Hii ndiyo timu. Adriano ndiye kiongozi, Jenifer anashughulika na sauti. Na yule," alishusha sauti, "ni Shigela. Marehemu alikuwa dada yake."

Shigela alikuwa ameketi dirishani akikunja waya. Aliukunja, akaukunjua, akaanza upya. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa.

"Pole, mwanangu," Fransiska alisema.

"Asante."

"Umeshaisikiliza sauti ya dada yako?"

"Hapana. Adriano aliniambia haina haja. Na mimi sikutaka."

Juu ya meza palikuwa na kompyuta kubwa nyeusi, nusu yake imeshaviringishwa kwenye blanketi. Kona moja ilikuwa imepasuka, na juu ya ufa ule mtu alikuwa amebandika picha ndogo ya Bikira Maria.

"Huu ndio mtambo wenyewe?"

"Ndio huu," Adriano alijibu. "Simu zote zinaingilia hapa."

"Mnao mmoja tu?"

"Mmoja tu, afande. Tungekuwa na miwili tungekuwa matajiri."

Mwalimu Urbano alikuwa ameshamvuta Fransiska mlangoni, ambako palibandikwa picha mpya yenye kung'aa. "Tazama vijana wangu. Hapa tuko ukumbini, mbele ya wageni, mazoezi ya fainali. Mkuu wa chuo mwenyewe alitokwa na machozi."

Fransiska aliitazama. Vijana watatu wamesimama jukwaani, taa zimewashwa, madirisha nyuma yao meusi. Mbele yao mezani imekaa kompyuta nyeusi, kona imepasuka, Bikira Maria yuko mahali pake.

"Picha nzuri," alisema. "Ilikuwa lini?"

"Jumanne iliyopita, jioni. Kabla ya huu msiba."

Fransiska aliitikia kwa kichwa, akarudi mezani kwa Adriano.

"Nionyeshe kumbukumbu ya ile simu."

Kijana aliwasha kompyuta ikiwa ndani ya blanketi hivyohivyo. Maandishi yalikuja: jina la Kabula, Jumanne asubuhi, HATARI, ujumbe umetumwa kwa nesi.

"Kompyuta haidanganyi, afande."

"Kompyuta sijaiuliza. Nakuuliza wewe. Kwa nini huyu mama hasalimii?"

"Samahani?"

"Anaanza na mimba. Hana shikamoo, hana habari za asubuhi. Mnawafundisha hivyo?"

Adriano alitabasamu kidogo, kama aliyepata swali alilolisomea. "Hapana, wanasalimia sana. Wanasalimia mpaka basi. Mwingine anauliza habari za watoto wa nesi, za ng'ombe, za mvua, ndipo anasema damu inatoka. Mtambo ulikuwa unachanganyikiwa. Kwa hiyo tunakata salamu. Tunabakiza dalili."

"Nani anakata?"

"Mtambo wenyewe," Jenifer aliingilia. "Ukishasikia salamu na ule ukimya, unapepeta kama ulezi. Punje inakwenda kupimwa, makapi yanakwenda pembeni."

"Pembeni wapi?"

"Kuna sehemu tumeiita hivyohivyo, Makapi."

"Kwetu makapi hayatupwi," Fransiska alisema. "Kuku wanakula."

"Na sisi hatutupi, mama. Ni mimi nayatunza. Nataka baadaye nifundishe mtambo kuitikia salamu. Sio vizuri mtu asalimie asijibiwe."

Fransiska alikuwa akimtazama Adriano. Tabasamu lilikuwa bado usoni pake, lakini mkono ulikuwa umeacha kipanya.

"Nitafutie ya Kabula," alimwambia Jenifer.

"Hayana maana, afande," Adriano alisema. "Hata saa hayana. Ni vipande tu."

"Sitaki saa. Nataka salamu."

Jenifer alisogeza kiti, akatafuta. Upepo ulikuwa ukitikisa bati mahali fulani. Mwalimu Urbano alilegeza tai yake.

"Hii hapa."

Kwanza ilisikika sauti ya nesi Coleta, nzito na ya kirafiki: *Karibu mama, mimi ni nesi Coleta, sema shida yako.* Halafu sauti ileile aliyoisikiliza Fransiska tangu jana, lakini laini zaidi, sauti ya mtu anayeinama kidogo.

*Mwadila, mayu.*

Kimya kikafuata. Mbali nyuma yake mtoto alikohoa. Mwanamke alikuwa akingoja.

*Mwadila,* alisema tena, taratibu, kama mtu anayedhani hakusikika.

Kimya tena, kirefu zaidi. Kisha pumzi, na kipande kikakatika pale ambapo mimba ilianzia.

"Ni Kisukuma?" Fransiska aliuliza. Yeye alikuwa Mfipa, na Kisukuma alikisikia mnadani tu.

"Anasalimia," Adriano alisema haraka. "Ni shikamoo yao. Nilisema, hayana maana."

Fransiska aligeuka dirishani. "Shigela. Dada yako anasemaje?"

Shigela alikuwa ameacha waya. Alitazama kompyuta, sio watu.

"Mayu ni mama," alisema.

"Na mwadila?"

"Ni salamu."

"Unaweza kumsalimia mtu hivyo asubuhi?"

"Hapana. Asubuhi ni mwangaluka." Alisema kama anajibu mtihani wa mtu mwingine. "Mwadila ni jua likishageuka. Sana sana jioni, ng'ombe wakirudi. Hata mtoto mdogo hakosei. Ukimwamkia mtu mwadila asubuhi watu watakucheka."

"Dada yako angekosea?"

"Kabula? Kabula ndiye aliyenifundisha kuamkia."

Fransiska alivuta kiti, akakaa mbele ya Adriano, magoti karibu yagusane.

"Labda saa ya kompyuta ilipotea," Adriano alisema. "Inatokea. Umeme ukikatika, saa inarudi nyuma."

"Inaweza kutokea. Ikipotea saa ya simu, na saa ya ujumbe kwa nesi nayo ikapotea vilevile, zikatua pamoja asubuhi ambayo nesi yupo?"

"Inawezekana."

"Sawa. Jumanne jioni kompyuta ilikuwa wapi?"

"Hapa."

Fransiska alinyoosha tu kidole kuelekea mlangoni, kwenye picha. Mwalimu Urbano aliifuata ile njia ya kidole, akaona alichokuwa akijivunia tangu wiki iliyopita, akakaa juu ya sanduku la vitabu.

"Adriano," alisema, "si uliniambia simu umezihamishia kwenye kompyuta nyingine?"

"Nyingine ipi, mwalimu? Tunayo nyingine?"

"Uliniambia..."

"Ulitaka tuwe ukumbini kabla ya wageni. Ulisema nifanye itakavyowezekana."

Jenifer alikuwa ameweka mikono yote miwili mdomoni. Fransiska aliwanyamazisha kwa kuinua kiganja.

"Kijana, kabla hujaendelea. Una haki ya kunyamaza. Ukisema, nitaandika, na nilichoandika kinaweza kusomwa mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Unataka kusema?"

Adriano aliivua miwani yake, akaifuta kwa shati, akairudisha. Alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa ya kawaida, mpaka Fransiska akalazimika kukumbuka kwamba anasikiliza kukiri.

"Tuliuchomoa mchana, tukaubeba ukumbini. Anayepiga wakati huo, simu inapokelewa na namba ya akiba, inamkaribisha kwa sauti ileile ya nesi, inarekodi tu. Haipimi. Inangoja kompyuta iwake. Tulimaliza usiku, tukachoka, tukaiacha kulekule. Asubuhi nilipoiwasha zote zikaingia kwa pamoja. Ya Kabula ikaonyesha hatari. Nilikuwa nataka kumpigia nesi, na hapohapo Shigela akapigiwa simu kutoka kwao, akaanguka pale mlangoni."

"Kwa hiyo ulijua ameshakufa."

"Alikuwa ameshakufa. Hata ningesema, asingefufuka. Tungeondolewa tu kwenye mashindano. Na mtambo ni mzuri, afande. Ulisikia mwenyewe, uliona hatari, haukukosea. Niliona tukienda Dodoma tukashinda, tutapata mitambo kila zahanati, wapone wengi."

"Ukabadilisha saa."

"Nikairudisha ile simu nyuma mpaka asubuhi. Nikaandika na ujumbe."

"Kwa nini asubuhi?"

"Asubuhi nesi yupo. Nilidhani wataona ni bahati mbaya tu, watamwonya. Sikujua watamfunga."

"Jana ulipojua?"

Adriano alisukuma kipanya pembeni. Fransiska aliandika maelezo ya onyo kwa mkono, polepole, kwa hati yake ya mviringo, akamsomea, kijana akatia sahihi. Kompyuta aliiandikia hati ya kielelezo, blanketi likiwa humohumo. Jenifer alinakili kile kipande cha makapi kwenye simu ya afande bila kuambiwa mara mbili, huku machozi yakimdondokea mkononi.

Shigela ndiye aliyebeba kompyuta. Hakuna aliyemwomba. Aliiinua, akasimama mbele ya Adriano.

"Uliponisindikiza stendi niende msibani," alisema, "ulikuwa umeshabadilisha?"

"Ndiyo."

"Ulinilipia na soda."

"Ndiyo."

Shigela aliitikia kwa kichwa kidogo, kama mtu aliyeelekezwa njia, akatoka nje kwenye upepo.

* * *

Afande Dominiko alisoma maelezo akiwa amesimama. Alipomaliza aliurudia ukurasa wa kwanza, akavuta pumzi puani.

"Salamu," alisema. "Umemtoa mtu mahabusu kwa salamu."

"Kampuni ya simu ikijibu, itasema hivyohivyo."

"Ikijibu." Alitia sahihi hati ya kumwachia. "Nenda kamtoe mwenyewe."

Kengele ya kanisa ilikuwa ikilia ya jioni walipomleta nesi Coleta kaunta. Askari alimkabidhi vitu vyake kimoja kimoja: simu ndogo, kitambaa, rozari, kamba za viatu. Rozari aliivaa shingoni kwanza. Kisha akakaa kwenye benchi na kuanza kupitisha kamba kwenye matundu, huku Fransiska akimweleza yote kwa maneno machache, tangu ukumbi mpaka makapi.

"Kwa hiyo alipiga jioni," Coleta alisema.

"Jioni."

"Mimi niko milimani."

"Ndiyo, mama. Huna kosa."

Mwanamke yule hakuonekana kama aliyesikia habari njema. Alikaza kamba ya kiatu cha kwanza, akaacha cha pili.

"Hiyo salamu unayo?"

"Ninayo."

"Nisikilizishe."

Fransiska alifikiria utaratibu, akafikiria kielelezo, kisha akatoa simu na kuiweka kwenye benchi katikati yao. Sauti ya Coleta mwenyewe ilitoka kwanza, ikimkaribisha mtu. Askari wa kaunta aliacha kuandika.

*Mwadila, mayu.*

Kimya. Mtoto akakohoa mbali.

*Mwadila.*

Coleta aliinama mpaka mdomo wake ukakaribia simu, kamba ya kiatu bado iko mkononi.

"Mwadila, mwanangu," alisema. "Nakusikia. Sema."

Simu iliendelea na ule ukimya wake mpaka ikafika mwisho, ikazima mwanga. Coleta alingoja kidogo zaidi, kisha akainama kufunga kiatu cha pili.